Jabari wa Ng'ambo ya Mto: Mjadala wa Rubya

Novemba ni mwezi wa senene katika vilima vya Ihangiro. Mvua ikishalainisha ardhi, wadudu wale wa kijani huja usiku kwa makundi, na watoto wa Rubya hukesha nje na taa wakiwafukuzia, kelele zao zikisikika mpaka upande wa seminari. Katika usiku mmoja wa namna hiyo nilikaribishwa kibanjani kwa mwalimu mmoja mstaafu, nikawakuta wameketi naye barazani watu wanne, na katikati yao kimewekwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo katika nchi ya Wahaya mgeni hakosi kupewa hata kama nyumba haina kitu kingine. Walikuwa katika mabishano. Kijana mmoja anayesoma sheria Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja nyumbani kwa likizo, alikuwa amesema kwamba mtawala anayeng'ang'ania kiti kinyume cha ridhaa ya raia zake, ni wajibu wa ulimwengu mzima kumshurutisha akiache. Na neno hilo, ambalo katika ukumbi wa chuo lingalipita kama upepo, lilipotamkwa Rubya lilitonesha jeraha, kwa kuwa watu wa mkoa huu ni miongoni mwa wale waliolipa kwa roho zao na mali zao gharama ya jabari wa nchi ya jirani aliyeachwa miaka minane bila kuzuiwa.

Nawaandika hapa kwa sifa zao wala si kwa majina: Kijana, Mwalimu, Katekista, Mkulima na Bibi. Niliyoyasikia nimeyapanga, lakini sikuyapunguza makali.

KIJANA: Wazee wangu, mimi nauliza jambo moja tu. Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Mwaka wa pili haujaisha, alikuwa amekwisha kuwafukuza Waasia kwa muhula wa siku 90, na Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikuwa amekamatwa katika jengo la mahakama yake mwenyewe, asionekane tena. Nchi ambayo jaji mkuu wake huweza kutolewa mahakamani kama mwizi, ina sheria gani iliyosalia ndani yake ya kumrudi mtawala? Na ikiwa ndani hakuna, itafutwe wapi isipokuwa nje? Nikiisoma historia ya miaka ile naona ulimwengu ulikuwa na habari zote na njia zote. Azma ndiyo haukuwa nayo.

MWALIMU: Hoja yako ni nzito, mwanangu, nami siipingi kwa kuidharau. Lakini usiwafanye waasisi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuwa watu waliokosa akili au moyo. Walipokutana Addis Ababa mwezi wa Mei 1963, wakaandika katika mkataba wao kwamba nchi isijiingize katika mambo ya ndani ya nchi nyingine, hawakuandika hivyo ili kumwandalia Amin mahali pa kujificha. Walikuwa wamekwisha kuiona Kongo. Walikuwa wamemwona Patrice Lumumba akiuawa Januari 1961, ilhali mataifa makubwa yakiivuta nchi ile huku na huku kwa tamaa ya madini yake, kila taifa likidai kuitakia heri. Kwa mtu aliyeiona Kongo ile, neno la kutojiingiza lilikuwa ngao ya mnyonge. Lililotokea baadaye, na hapa ndipo moyo wangu unaposononeka, ni kwamba ngao ile walipokonywa raia wakapewa wakuu wao. Julai 1975 wakuu wa Afrika walikwenda Kampala kufanya mkutano, wakamkalisha Amin katika kiti cha mwenyekiti wa bara zima, na huku wote wakijua namna watu wake walivyokuwa wakipotea usiku. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Mwaka uliofuata alijitangaza kuwa rais wa maisha. Mtu aliyepambwa na wenzake kiasi kile, angaliona sababu gani ya kujiuzulu?

KATEKISTA: Kabla ya Kampala kulikuwa na Mogadishu, Mwalimu, na hilo watu wa huku tulilijua kwa ngozi zetu. Mwaka 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka kwetu kwenda kumpiga Amin, wakashindwa, na ndege zake zikaja kuangusha mabomu Bukoba. Somalia ikaingia kati kupatanisha, na katika Oktoba ya mwaka ule ikapatikana sulhu: kila upande uyarudishe nyuma majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani, na asiwepo wa kumsaidia adui wa mwenzake. Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kuisema sulhu vibaya. Lakini sulhu ile ilipatanisha serikali mbili na kuwaacha nje Waganda waliokuwa wakichinjwa na Wahaya waliokuwa wakilala mkabala wa mchinjaji. Miaka sita baadaye alipokuja, aliukuta mpaka hauna askari wa kumzuia.

Hapa Katekista alinyamaza kidogo, akakielekeza kidole chake gizani upande wa kaskazini. Ni lazima nimweleze msomaji asiyezijua nchi hizi kwamba Uganda kwa watu wa Rubya si ugenini. Seminari ya Rubya ilikuwa ikiwapeleka vijana wake Katigondo, karibu na Masaka, kukamilisha masomo ya upadre. Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, alipita njia hiyo hiyo. Lugha za pande mbili hizi husikilizana, koo zimechanganyika, na matoke ya huku na ya kule ni chakula kimoja. Basi mtu wa hapa akisema habari za mauaji ya Uganda huwa anazungumza habari za wakwe zake.

KATEKISTA: Baba yangu mdogo alikuwa padre aliyesoma Katigondo. Februari 1977, habari zilipofika kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana ameuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali inasema ni ajali ya gari, baba mdogo alisimamisha chakula, akasema, sasa ulimwengu utasema. Kweli, ulisema. Mwezi wa Juni mwaka huo wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana London, wakaulaani utawala wa Amin kwa kauli moja. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikuwa imekwisha kuandika taarifa juu ya taarifa. Wako wanaosema maneno yale yalikuwa bure, nami siafikiani nao, kwa kuwa mfungwa akisikia kwamba jina lake limetajwa nchi ya mbali hujua kwamba hajazikwa bado. Lakini tangu Juni 1977 hata Oktoba 1978 mtu yule aliendelea kutawala, kuua na kununua silaha. Nikamwuliza baba mdogo, fedha anazipata wapi? Hakuwa na jibu.

MKULIMA: Jibu lilikuwa mikononi mwako, Katekista. Unalitafuna.

Naye akachukua punje mbili kikapuni, akaziweka katika kiganja chake wazi. Mtu huyu amelima kahawa tangu ujanani mwake, akaiuza katika chama cha ushirika, na hesabu za bei za nyuma anazikumbuka kama wengine wanavyokumbuka tarehe za kuzaliwa za watoto wao.

MKULIMA: Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Kwa huzuni ya Wabrazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na mwaka 1977 ikapita dola 3 kwa ratili moja. Uganda kwa wakati huo ilikuwa haina tena viwanda vya kueleweka wala pamba ya kutosha, Waasia wamefukuzwa na maduka wamepewa askari. Kahawa peke yake ilikuwa ikileta zaidi ya sehemu tisa katika kumi za fedha za kigeni za nchi nzima. Na nani alikuwa akiinunua? Makampuni ya Marekani yalichukua kiasi cha thuluthi moja, Uingereza nayo ikachukua fungu lake. Uingereza hiyo ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Amin mwezi wa Julai 1976, tena kwa ghadhabu ya haki; lakini ndege kutoka uwanja wa Stansted ziliendelea kuruka kwenda Entebbe zimejaa wiski, redio na nguo za kuwaridhisha askari wake. Nisikilize vizuri, mjukuu wangu, maana hili ndilo ninalotaka ulipeleke chuoni. Kinywa cha mtu kilikuwa kikilaani, na mkono wake ulikuwa ukilisha.

KIJANA: Lakini Wamarekani waliikataza kahawa ile, Mzee. Bunge lao lilipitisha sheria.

MKULIMA: Oktoba 1978! Mwaka wa nane! Na kabla mwezi huo haujaisha askari wake walikuwa wamekwisha kuingia kwetu. Siwezi kusema kwamba sheria ile ndiyo iliyomtuma, kwa sababu jeshi lake lilikuwa limekwisha kuasiana ndani kwa ndani, na mtawala ambaye jeshi lake linamgeukia hutafuta adui wa nje wa kulitupia. Nasema tu kwamba ilikuja kama mvua ya mahindi yaliyokwisha kukauka. Tena nina neno jingine, nalo linanitia katika shaka mpaka leo. Mkulima wa Masaka alikuwa ndugu yangu katika jembe. Bei ya dunia ilipopanda, yeye serikali yake ilimlipa makombo, ndiyo maana wengi walikuwa wakihatarisha roho zao kupitisha magunia kwa magendo ziwani, na ziwani wakapigwa risasi. Ukiifunga kahawa yote, unamfunga yule kwanza kabla ya kumfikia Amin. Kama ningaliulizwa mwaka 1973, ningalisema acheni magunia yapite, fungeni ndege ya wiski. Mshikeni mtu pale mkono wake mwenyewe unapopokea.

Nakiri kwamba maneno haya ya Mkulima yalinishika kuliko yote niliyoyasoma juu ya kadhia hii. Wenye elimu leo hubuni vikwazo vya kulenga watu mahsusi, akaunti zao za benki na safari zao, badala ya kuifunga nchi nzima, na huvihesabu kuwa ni maendeleo ya fikira. Mzee huyu aliyafikia hayo kwa kuhesabu magunia. Wala sidhani kwamba kizuizi kile cha kahawa kilikosa kazi kabisa. Mtawala aliyezoea kununua utii wa askari kwa anasa, zikipungua anasa hupungua na utii, na walipokuja kukabiliwa kwa nguvu, wengi wa askari wake walitoroka kwa kasi isiyotazamiwa. Ila Mkulima ana haki juu ya wakati. Shinikizo lililofika baada ya miaka minane lilimkuta jabari hana tena njia ya kurudi nyuma, kwa kuwa kila mwaka wa uovu humwongezea mtawala sababu ya kuogopa siku atakayokuwa raia wa kawaida.

Mpaka hapa Bibi hakuwa amesema neno. Alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Bunazi, akaolewa Rubya baada ya vita. Mwalimu alipomgeukia na kusema, "Bibi, waitu, nawe tusikie," alijitengeneza kanga yake mabegani kwa muda kabla ya kuanza.

BIBI: Mnasema ulimwengu, ulimwengu. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Walipoingia Oktoba ile tarehe 30, tulisikia mizinga kabla ya jua. Baba alituambia twendeni, yeye angetufuata na ng'ombe. Tulitembea na watu wengi wasio na hesabu, wamebeba kuku, vitanda, wagonjwa, mpaka daraja la Kyaka, tukavuka. Tarehe 3 Novemba wakalilipua daraja, na waliokuwa hawajavuka wakabaki huko au wakajaribu mitumbwi. Baba hakuvuka. Ng'ombe walikwenda Uganda, na kiwanda cha sukari kikaporwa mpaka vyuma vyake. Amin akatangaza kwamba mto ndio mpaka mpya. Basi nikangoja kuusikia ulimwengu wenu. Redioni nikasikia kwamba wakuu wa Afrika wanataka kutusuluhisha. Kutusuluhisha! Mtu ameingia nyumbani mwangu, amemwua baba yangu, na jirani anakuja kunipa mkono nipatane naye, hata neno moja la kumwambia amekosa halimtoki.

MWALIMU: Ni kweli. Mwalimu Nyerere aliwaambia kwanza waulaani uvamizi, ndipo waje na habari za usuluhishi. Hawakuulaani.

BIBI: Tarehe 2 Novemba nilimsikia Nyerere kwa masikio yangu akisema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na watu wapatao thelathini, na hakuna aliyekohoa. Kaka yangu alikwenda na mgambo wiki ile. Amelala Kaboya.

Kaboya imo humu humu wilayani Muleba, na makaburi ya mashujaa wa vita ile yamepangwa pale kwa safu, meupe, yakitazamwa na migomba. Hakuna aliyeongeza neno kwa muda.

KIJANA: Basi Bibi mwenyewe ametoa ushahidi wangu. Maneno hayakumtoa, vikwazo havikumtoa, Libya ilimletea askari wa kumtetea mwezi wa Machi 1979, na aliyemtoa ni jeshi letu lililoingia Kampala tarehe 11 Aprili. Julai ya mwaka ule ule wakuu wa Afrika walipokutana Monrovia, Rais wa Sudan na wa Nigeria walisimama wakailaumu Tanzania. Walioshindwa kumzuia mwuaji kwa miaka minane walipata sauti ya kumkemea aliyemzuia!

KATEKISTA: Mjukuu wangu, usiingie Kampala kabla ya kupita Masaka. Mji ule uliangushwa kwa baruti na watu wetu, wakilipiza waliyoyaona Kagera, na Mutukula ilisawazishwa na ardhi. Baba mdogo alipokwenda kuwatafuta aliosoma nao, alirudi hana sauti. Waganda waliwapokea askari wetu kwa vigelegele na kuwaita Bakombozi, nami nafurahi kwa hilo mpaka leo. Lakini mke wa marehemu baba yake Bibi hapa na mjane wa Masaka wote wawili walilala nje, na sababu yao ni moja.

MWALIMU: Tena na hilo la Kampala tulitazame mpaka mwisho. Mwezi wa Machi 1979 Waganda wa uhamishoni walikutanishwa Moshi, siku chache tu, kupatana nani atashika nchi ambayo majeshi yalikuwa karibu kuiteka. Profesa Yusuf Lule akashika siku 68 akaondolewa. Godfrey Binaisa akashika, akaondolewa mwaka uliofuata. Desemba 1980 ukaja uchaguzi, Obote akarudi, watu wakaupinga, na vita vikaingia Luwero vikala roho nyingi mpaka Januari 1986. Sisi nasi tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Mnaokumbuka foleni za sabuni na sukari mnajua kwamba mkanda ule haukufunguliwa miezi 18 ilipokwisha. Mataifa yaliyomlaani Amin yalitupongeza, na hesabu ya vita yakatuachia sisi. Simlaumu Nyerere hata kwa chembe moja. Alikuwa hana hiari. Walakini nasema, shinikizo lisilojiuliza mapema ni nani atakayeipokea nchi, ni nusu ya kazi.

KIJANA: Mwaka 2017 haikuwa hivyo kule Gambia, Mwalimu. Yahya Jammeh alitawala miaka 22, akashindwa uchaguzi wa Desemba 2016, akakubali, kisha akageuka akakataa. Jirani zake wa Afrika ya Magharibi hawakumngoja avamie nchi ya mtu. Walimwendea kwa maneno wakiwa na majeshi mpakani, na mshindi Adama Barrow alikuwa amekwisha kujulikana, kwa hiyo swali lako la nani ataipokea nchi lilikuwa na jibu. Tarehe 21 Januari 2017 Jammeh akapanda ndege.

MWALIMU: Akaenda wapi?

KIJANA: Guinea ya Ikweta. Nako ameishi kwa raha, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ni fedheha. Kama Amin, aliyefia Jeddah Agosti 2003 katika hifadhi ya wenyewe, hajasimama mbele ya hakimu hata siku moja, ilhali hesabu za waliouawa chini yake baadhi yake zafika laki tatu. Sheria haiwezi kuridhia hayo. Jabari akiahidiwa nyumba ya starehe ili aondoke, tumewafundisha majabari wote kwamba uovu una kiinua mgongo.

Nilitazamia Bibi amwunge mkono. Mwenye haki ya kudai Amin apandishwe kizimbani, ni nani kama si yeye? Naye alipoanza kujibu sauti yake haikupanda.

BIBI: Mjukuu wangu, unasema vizuri, nami nakuombea uwe hakimu. Lakini mimi, kama mtu angalikuja mwaka 1973 akaniambia, binti, mpe Amin nyumba Jeddah, mpe na gari, mpe na wapishi, ningalimfulia hata mashuka ya safari yake. Baba yangu angalikufa kitandani kwake. Kaka yangu angalikuwa na wajukuu. Hukumu yako nzuri, mimi ningalimpa nani anishikie?

KIJANA: Na waliokwisha kuuawa kabla ya 1973, Bibi? Kiwanuka alikuwa amekwisha kufa. Watoto wake nao wanayo haki.

BIBI: Wanayo.

Wala hakusema zaidi ya hapo, na Kijana hakushangilia. Mimi niliyekuwa msikilizaji sikuweza kuamua baina yao usiku ule, ila tangu hapo nimeelemea upande wa Bibi, kwa sababu moja: hukumu inaweza kungoja, wala mlango uliofunguliwa kwa jabari leo haumzuii hakimu kuubisha kesho, lakini aliye chini ya kisu hawezi kungoja. Najua kwamba mwenye kufiwa Kampala mwaka 1972 ana haki ya kunipinga kwa machozi.

Mazungumzo yakageukia siku zetu, kwa muda mfupi na kwa tahadhari. Kijana alimtaja Yoweri Museveni, aliyeingia Kampala Januari 1986 na yumo madarakani hata leo, baada ya kikomo cha vipindi kuondolewa katika katiba mwaka 2005 na kikomo cha umri mwaka 2017. Akasema kwamba Marekani iliiondoa Uganda katika mpango wa AGOA wa biashara isiyo na ushuru kuanzia Januari 2024, kwa hoja ya haki za binadamu. Mwalimu alikataa katakata watu hawa wawili kupimwa kwa mizani moja. Alisema Museveni alikuwa miongoni mwa waliopigana kumtoa Amin, na kwamba nchi ya leo ina mahakama, magazeti na wapinzani wanaosikika, hata kama wanafungwa. Kijana alijibu kwamba yeye hawapimi watu, anapima miaka. Ndipo Mkulima akaingia kati.

MKULIMA: Bomba la mafuta kutoka Hoima kwenda Tanga, kilomita 1,443, linapita humu Muleba. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilikaa likatoa azimio juu yake, kwa ajili ya mazingira na haki za watu. Huenda walisema kweli katika mengi. Lakini hapakuwa na mtu wa kwetu katika ukumbi ule. Nikasema moyoni, hawa tena wanasukuma kutoka mbali, na kitu kikiyumba kitatuangukia sisi tuliolala chini yake. Kama wangaliniita, ningalikwenda. Ningaliwaambia wapi pa kusukuma.

MWALIMU: Hapo ndipo nami ninapomwona Kijana ana kosa, kosa dogo lenye madhara makubwa. Amesema ni wajibu wa ulimwengu. Ulimwengu hauna nyumba mpakani. Waliomtoa Jammeh walikuwa majirani, Senegal imeizunguka nchi yake pande zote isipokuwa baharini. Waliokwenda kumpamba Amin mwaka 1975 wengi wao walitoka nchi ambazo risasi yake haikuweza kuzifikia. Mimi ningalitaka neno la kwanza apewe jirani, na mapema, kabla hajawa na sababu ya kuchukua bunduki. Mataifa ya mbali yafunge mifuko yao pale jirani anapowaonyesha. Tanzania ilisema tangu Januari 1971. Ilikataa kumtambua, ikakataa kukaa naye katika mkutano wa wakuu wa Afrika ya Mashariki, hata Jumuiya yetu ikavunjika mwaka 1977. Ni nani aliyetusikiliza?

KIJANA: Lakini jirani naye huwa na yake, Mwalimu. Tanzania ilikuwa imempa hifadhi Obote. Wengine walisema mnamchukia Amin kwa sababu mnampenda aliyepinduliwa.

MWALIMU: Walisema hivyo, na neno hilo lilitudhoofisha sana. Sitalificha. Mwaka 1972 tuliwaacha watu wa Obote wavuke na bunduki, na tangu siku ile kila tuliposema juu ya mauaji, Amin aliweza kujibu kwamba ni chuki ya mtu aliyeshindwa. Tungalinyamaza juu ya Obote tukasema juu ya waliokufa tu, labda tungalisikilizwa upesi zaidi.

Sikumtazamia Mwalimu kulisema hilo mbele ya Bibi. Alilisema akiwa ameinamisha kichwa. Bibi alimsogezea kikapu cha kahawa, naye akachukua punje moja.

Watoto walirudi wakati huo, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wameloa mpaka magotini, na ndoo yao imejaa nusu. Bibi akaiomba, akaiweka mbele yake, akaanza kuwanyonyoa senene mabawa na miguu kwa vidole vyepesi, mmoja mmoja, bila kutazama. Mvulana akataka kujua kama huko Bunazi nako senene walikuwa wengi.

BIBI: Wengi kuliko huku. Mwaka ule walikuja mapema. Usiku wa kuamkia siku waliyoingia, sisi tulikuwa nje na taa kama ninyi. Tukaona upande wa Uganda, mbali, taa nyingi zinatembea kwa mstari mmoja, zinashuka kilimani. Mdogo wangu akasema, wenzetu wa kule leo wamepata wengi. Tukafurahi. Tukarudi kulala.